Binti wa Mstari wa Kwanza

Kila mwaka, mvua zikikatika na joto likipoa kidogo, makumbusho yale ya Udaipur, kule India, hupatwa na homa ya urithi. Mwaka mzima vitu vya wazee vimekaa gizani vikila vumbi, hakuna anayevijulia hali. Halafu ghafla bango jekundu linatundikwa langoni, mabasi ya shule yanaingia yakipiga honi, na Bi Madhavi, mkurugenzi, anavaa ile sari yake ya pamba ya kufumwa kwa mkono, ya kuvaliwa siku za wageni tu, na kuanza kusema "mizizi yetu" kila anapofungua kinywa. Mizizi! Mwanamke mwenyewe mwarobaini uliokuwa uani aliukata apate pa kuegesha gari.

Dhapu ndiye aliyekuwa mtunza ukumbi wa warsha. Kazi yake ilikuwa kupanga meza, kuosha brashi, kuchemsha chai ya maziwa na kuitikia. Kuitikia ndiko kulikomchosha zaidi. Mtu mmoja akija na wazo la kuwafundisha watoto ufinyanzi kwa udongo wa kuchezea, wa rangi ya waridi, uliotoka dukani, Dhapu alipaswa kusema ni wazo zuri. Na alisema, kisha akaenda stoo kusonya peke yake.

Mwaka ule homa ilizidi, kwa sababu Bi Madhavi aligundua kwamba mtunza ukumbi wake ni binti wa Bherulal, yule mchoraji wa phad aliyepewa tuzo kule Delhi. Phad ni kile kitambaa kirefu cha kufunika ukuta mzima, ambacho makuhani waimbaji hukitandaza uwanjani na kuimba mbele yake kisa cha shujaa Pabuji na farasi wake mweusi. Bi Madhavi alimshika Dhapu mikono yote miwili, akamwuliza ilikuwaje akae kimya muda wote huo, na sanaa ya namna ile imo kwenye damu yake. Dhapu akajibu kwamba kwenye damu hajui, ila kwenye mikono haimo. Bosi akacheka, akidhani ni utani.

Haukuwa utani. Nyumbani kwa Bherulal mabinti hawafundishwi. Binti ni wa kuolewa, na akiolewa ataondoka na siri za nyumba azipeleke kwa watu. Wanaofundishwa ni watoto wa kiume na wake zao. Lakini hapo hapo, wazee wa nyumba ile walikuwa na jambo jingine, na hili ndilo lililomchoma Dhapu moyo tangu utoto: phad haiwezi kuanzwa mpaka binti wa nyumba, ambaye hajaolewa, aweke mstari wa kwanza. Basi alfajiri anaogeshwa, anavishwa nguo safi, anatiwa kitu kitamu mdomoni, anapewa brashi yenye rangi ya manjano. Anavuta mstari mmoja mfupi kwenye kona ya kitambaa, watu wanafunga mikono wanasali, na baada ya hapo anaambiwa, haya, toka, kaangalie mbuzi. Mlango unafungwa.

Jina lenyewe, Dhapu, kwa watu wa kule ni "tumeshiba". Hupewa mtoto wa kike anayezaliwa nyumba ikiwa imechoka kupata watoto wa kike. Baada ya kaka yao Shambhu walifuatana mabinti watupu, na Dhapu ndiye aliyefunga hesabu. Tumeshiba wewe, lakini njoo utuwekee mstari. Ndivyo alivyoishi. Dada zake walipoolewa mmoja mmoja, mistari yote ikawa yake, na phad zilizotoka nyumba ile kwa miaka ile zote zilianzwa na mkono wake, na hakuna hata moja aliyoiona ikichorwa.

Kisha Shambhu akaoa. Akaletwa Sampat, msichana wa Kota, mwanamke mwema sana ambaye siku anaingia nyumba ile hakujua brashi inashikwa upande gani. Wiki haijaisha, Sampat kaketishwa ndani, anaonyeshwa rangi inavyosagwa. Dhapu ndiye aliyewapelekea chai. Na kila alipofika na sinia, mama yake, Gattu, ambaye naye aliingia nyumba ile kama mke akafundishwa kama mke, alikuwa anakifunika kibakuli cha rangi kwa kiganja, anapokea chai kwa mkono wa pili, na kuusukuma mlango kwa mguu. Baba alikuwa anapiga kelele tu. Aliyekuwa anafunga mlango ni mama.

Na huyo Gattu, nisije nikasahau, ndiye aliyechora farasi wote. Uso wa Pabuji ni wa Bherulal, mapambo ni ya Shambhu, lakini farasi, hasa yule mweusi wa katikati ambaye watu huja kumpiga picha, ni wa Gattu tangu akiwa bibi harusi. Tuzo ya Delhi ina jina la Bherulal. Gattu alibaki nyumbani siku ile kwa sababu ng'ombe alikuwa anakaribia kuzaa.

Haya, sasa mnajua ni kwa nini Dhapu hakuwa na hamu ya kumwalika baba yake aje kufundisha kwenye warsha. Lakini alimwalika, na sababu ilikuwa moja tu: Khyati. Khyati alikuwa bintiye, mwanafunzi wa darasa la nane, mtoto ambaye akipewa daftari la hesabu linarudi limejaa ngamia. Alichora ukutani, akachora kwenye bili ya umeme, akachora kwenye goti lake mwenyewe walimu wakiongea. Dhapu aliitazama mikono ile na kuona mikono ya Gattu, na akaapa kwamba huyu hatafungiwa. Alitaka jambo moja: baba yake aushike mkono wa Khyati na amfundishe, kwa kinywa chake, kama alivyomfundisha Sampat wa Kota. Akampatia bintiye nafasi ya watoto wa wafanyakazi, akapiga simu kwao, akasema makumbusho yanaomba.

Bherulal hakuhitaji kubembelezwa. Aliposikia televisheni itakuwepo, alifika na basi la kwanza, na Gattu nyuma yake kabeba mizigo. Alishuka amevaa kilemba chekundu kikubwa ambacho nyumbani havai, maana nyumbani huvaa fulana yenye tundu. Bi Madhavi akamvisha shada la maua na kumgusa miguu mbele ya kamera. Mzee akakubali kuguswa miguu kama mtu anayepokea chenji.

Watoto waliletwa kutoka shule moja ya mlimani, zile ambazo wanafunzi wanafundishwa kupanda farasi na kusahau Kihindi. Bherulal akawahutubia. Akasema sanaa hii si yake, ni ya India nzima, ni ya kila mtoto aliyemo mle, na mwenye kuificha ni mwizi. Mwizi, alisema hivyo hivyo, na mkono kifuani. Watu wakapiga makofi. Dhapu alikuwa amesimama nyuma na birika, na nusura alidondoshe. Alimtazama mama yake aone kama naye amesikia. Gattu alikuwa anafungua mafurushi, uso umetulia, hana hili wala lile.

Basi warsha ikaanza, na warsha yenyewe ilikuwa aibu tupu. Mzee alieleza jinsi rangi zinavyosagwa kwa mawe siku nyingi, na huku mezani kuna chupa za rangi za plastiki zenye picha ya dubu. Alieleza kitambaa kinavyopakwa wanga na kulainishwa kwa jiwe mpaka king'ae, na huku watoto wamepewa karatasi. Kisha akawafundisha tembo. Tembo huyo wa Bherulal wa kwenye warsha ni mduara mkubwa, mduara mdogo, bomba. Kwenye phad yoyote aliyopata kuchora hayupo tembo wa hivyo. Ni tembo wa wageni.

Akawa anapita meza hadi meza. Anamshika mtoto huyu mkono, anamnyooshea yule brashi, anawaita "beta, beta", yaani mwanangu, anacheka nao. Alipofika kwa Khyati aliangalia karatasi yake, akasema vizuri, akapita. Aliporudi upande ule alimgusa kichwa, akasema vizuri sana, akapita. Khyati alikuwa amemaliza tembo zamani na ameanza kujaribu uso wa mtu kwa upande, ule uso wa phad wenye jicho kubwa, na pua ilikuwa inamshinda. Alinyoosha mkono kuuliza. Babu yake akamwitikia msichana wa meza ya nyuma ambaye hakuwa ameuliza kitu.

Siku ya kwanza Dhapu alijitia hamnazo. Siku ya pili akajiambia labda mzee anaogopa kuonekana anapendelea. Siku ya tatu alipoona mtoto ameweka brashi chini na kukaa akitazama kucha zake, damu ikamchemka. Alimfuata baba yake chumba cha chakula, akamkuta anavunja mkate mgumu wa makaa na kuuloweka kwenye dengu na samli, Gattu akimpepea. Akamwuliza mbona hamfundishi Khyati.

"Si anafundishwa pamoja na wenzake?" mzee akasema.

"Baba, nina macho. Mtoto amenyoosha mkono mpaka umechoka."

Bherulal akalamba samli kidoleni. Hakuona haya hata chembe, na hilo ndilo lililomkera Dhapu kuliko yote. Akamwambia akae chini, akasema naye kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini moto unaunguza.

"Hawa ni watoto wa watu, mwanangu. Wataenda kwao, na Diwali haitafika kabla hawajasahau kila kitu. Ndiyo maana nawafundisha. Huyu wako hatasahau."

Dhapu alimtazama mama yake, akangoja. Gattu akabadilisha mkono wa kupepea, akasema, "Usimkalie baba yako kooni mbele za watu. Desturi siyo yake peke yake. Hata mimi nimeishi nayo."

"Wewe ulikuwa ndani, mama."

"Nilikuwa ndani kwa sababu nilitoka kwetu," Gattu akasema, na akaendelea kupepea.

Lazima niseme kweli juu ya Gattu, maana wengine mtamwona hana moyo. Gattu aliamini. Bherulal alizitumia desturi anavyotumia kilemba, anavaa anavua, lakini mkewe aliziamini mpaka kwenye mifupa. Alipokuwa bibi harusi, mtoto wa jirani aliingia akicheza na kugusa kitambaa kipya kabla binti wa nyumba hajaweka mstari. Mama mkwe wake alikichana kile kitambaa vipande vipande, kazi ya mwezi mzima ya kupaka na kulainisha, kikawa matambara ya kufutia vyombo. Gattu alilia, lakini alielewa kwamba ndivyo inavyopaswa. Mwanamke aliyejifunza hivyo anaweza kumfungia mlango mwanawe wa kumzaa na usiku akalala usingizi mzuri.

Sasa sikilizeni mambo yalivyogeuka. Bi Madhavi alitaka siku ya mwisho ya warsha pafanyike jambo kubwa. Phad kamili, ya kitambaa cha kweli na rangi za kweli, ianzwe mbele ya wageni, baadaye imalizwe nyumbani kwa mzee na kuletwa itundikwe kwenye ukumbi mkuu. Mkuu wa wilaya atakuwepo. Mwenye hoteli kubwa ya ziwani, ambaye ndiye mfadhili, atakuwepo. Televisheni, usiseme. Bherulal akakubali haraka haraka, ndipo akakumbuka mstari wa kwanza. Shambhu na Sampat wamejaliwa watoto wa kiume watupu. Tangu Dhapu aolewe, kule nyumbani mistari ilikuwa inawekwa na mabinti wa dada zake, nao walikuwa mbali. Binti ambaye hajaolewa, mwenye damu ya Bherulal, karibu na mahali pale, alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amekaa mezani akitazama kucha zake.

Jioni ya kuamkia siku hiyo mzee akaja nyumbani kwa Dhapu, mahali ambapo tangu harusi hakuwahi kukanyaga. Alikuja na boksi la vitumbua vya maziwa vilivyochovywa kwenye shira, na Gattu nyuma yake. Mume wa Dhapu, dereva wa lori, hakuwepo, na ilikuwa heri. Bherulal akakaa, akasifu chai, akasifu nyumba ambayo rangi yake inabanduka. Akamwita Khyati ua lake. Alimpaka Dhapu mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka Dhapu akaanza kuona raha ya kumtazama akihangaika. Mwishowe akasema shida yake.

"Mstari utawekwa," Dhapu akasema. "Na likizo hii Khyati anakuja kwako, anakaa ndani na Sampat, anafundishwa vyote. Kusaga rangi mpaka macho."

"Unajua hilo haliwezekani."

"Basi tafuta binti mwingine wa nyumba yako, baba. Mimi nimeshiba."

Mzee alisema mengi. Alisema Dhapu ana kinyongo, alisema mjini wanawake wanaharibika, akasema akifa phad zitakufa naye na lawama itakuwa ya Dhapu. Dhapu akaendelea kukunja nguo. Gattu alimwomba mwanawe kwa sauti ya chini asichezee jambo la heri, akamkumbusha kitambaa kilichochanwa. Dhapu akamwambia kama kuchanwa kichanwe. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa ameshika kitu ambacho baba yake anakihitaji, na aliona wazi kwamba kesho mzee hana njia. Ama amfundishe mtoto, ama phad isianzwe. Bherulal akainuka kwenda zake. Mlangoni akageuka, akarudi, akalichukua boksi la vitumbua.

Kesho yake ukumbi ulijaa pomoni. Mkuu wa wilaya alichelewa, kama kawaida yao, halafu akahutubia kwa muda ule ule aliochelewa. Mwenye hoteli alikaa mbele na binti yake, Sanaya, mmoja wa wanafunzi wa warsha, msichana ambaye siku zote zile alikuwa anachora kwa mkono mmoja na simu iko mkono wa pili. Kitambaa kilikuwa kimevutwa juu ya jukwaa la chini, kimepakwa wanga, kinang'aa kama sahani. Gattu mwenyewe ndiye aliyekilainisha kwa jiwe, kule nyumbani kabla ya safari. Alikuwa ameketi pembeni ya jukwaa, ushungi wa sari umefunika uso mpaka puani, anakoroga rangi ya manjano.

Dhapu alisimama katikati ya ukumbi, mkono wake begani kwa Khyati. Hakuwa ameshika birika. Mtu aliomba chai, akamwambia ajimiminie.

Bherulal akachukua kipaza sauti. Akaeleza kwamba kwa desturi ya wazee wake, mstari wa kwanza ni wa binti wa nyumba. Akamtazama Dhapu, na Dhapu akamtazama. Walitazamana mpaka watu wakaanza kukohoa. Bi Madhavi akamnong'oneza mzee kitu. Dhapu aliona kilemba kikitikisika kidogo na akadhani, masikini, kwamba baba yake anakubali. Akilini aliona kabisa mwanawe ameketi kwenye karakana ya babu yake, miguu imekunjwa, vibakuli viko wazi mbele yake. Akaanza kumsukuma Khyati taratibu kwenda mbele.

"Lakini leo," Bherulal akasema, na meno yote yakatoka nje, "nyumba yangu ni India. Kila binti aliyemo humu ndani ni binti wa nyumba yangu."

Akamnyooshea mkono Sanaya.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mwenye hoteli alisimama, akasahau kufunga kifungo cha koti. Bi Madhavi alikuwa anafuta machozi, na yalikuwa machozi ya kweli, jambo baya zaidi. Sanaya akapanda jukwaani, akauliza achore nini, akaambiwa mstari tu. Akavuta mstari. Mpiga picha wa televisheni akasema samahani, hakuwa tayari, arudie. Akarudia. Basi phad ile ikawa na mistari ya kwanza miwili, na mkuu wa wilaya akaipigia makofi yote miwili.

Dhapu alihisi amevuliwa nguo. Si kwamba alishindwa. Kushindwa na baba yake alikuzoea. Kilichomuuma ni kuona jinsi lilivyokuwa jepesi. Desturi iliyomtoa nje kwenda kuangalia mbuzi, desturi ambayo kwa ajili yake alinyweshwa uchungu tangu hajaota meno ya pili, mzee ameikanyaga bila hata kujikwaa, kwa sababu ya mtu mwenye hoteli. Kumbe hakuna sheria iliyomfunga Bherulal hata moja. Iliyobaki ni ile ya kumnyima Dhapu tu. Akamshika Khyati mkono waondoke.

Hapo ndipo Gattu aliposimama. Alikuwa bado na kibakuli cha manjano mkononi, na ushungi aliurudisha nyuma, mbele ya wanaume wote wale, uso ukabaki wazi. Hakupandisha sauti, ila kipaza sauti kilikuwa karibu.

"Baba Shambhu," alisema, maana jina la mumewe hakuwahi kulitamka maishani. "Kama kila binti ni binti wa nyumba hii, mimi nilikuwa namfungia nani mlango?"

"Kaa chini, mama Shambhu. Wageni wanatazama."

"Waache watazame. Nijibu."

Hakujibiwa. Bi Madhavi, ambaye hakuelewa lolote, akaongoza makofi mengine. Gattu akashuka jukwaani na kibakuli chake na brashi zake, akapita katikati ya viti, watu wakikunja miguu kumpisha, mpaka meza ya nyuma. Akavuta kiti. Akamwambia Khyati alete karatasi, na aachane na huyo tembo wa wageni.

Kule mbele Bherulal alicheka na kusema wanawake na hasira zao, akainama kwenye kitambaa. Akachora uso wa Pabuji, na kusema haki, aliuchora vizuri sana. Akachora kilemba, akachora mkuki. Kisha mpiga picha akaomba farasi, maana farasi mweusi ndiye watu wanayemjua. Mzee akasema farasi huja mwisho. Mkuu wa wilaya akasema anasafiri, angependa kumwona farasi. Bherulal akavuta mstari wa mgongo, akaufuta kwa kidole gumba. Akavuta tena. Akaita bila kugeuka, "Mama Shambhu."

"Niko na mjukuu wangu," Gattu akajibu kutoka nyuma.

Mzee akatangaza kwamba kwa leo wataishia pale, kwa sababu za kidini. Watu wakaenda kula.

Ukumbi ulipobaki na bibi na mjukuu tu, Dhapu aliwakaribia. Gattu alikuwa amemshika Khyati kiganja kwa juu, anamwonyesha shingo ya farasi inavyoanzia, siyo kichwani kama watu wanavyodhani, bali kifuani, brashi ikipanda kwa pumzi moja. Alikuwa anasema kwa sauti ya chini, mdomo umeelekea sikioni kwa mtoto. Khyati alikuwa ametoa ulimi nje kwa kujitahidi, na mstari ule wa kwanza wa kweli ukamtoka vizuri. Dhapu alikuwa amelitaka jambo hili kuliko chochote, na sasa limetokea mbele ya macho yake, na badala ya furaha alimwonea wivu mwanawe. Aliona aibu kumwonea wivu, lakini alimwonea.

"Na mimi, mama?"

Gattu aliinua macho. Akaitazama mikono ya Dhapu, mikono ya kuosha brashi za watu.

"Wewe ungekuja mapema," alisema. "Mkono ukifika umri huo unakuwa mgumu, haufundishiki."

Ungekuja mapema. Kana kwamba hakuja. Kana kwamba hakuwa amesimama kwenye ule mlango na sinia la chai, mwaka baada ya mwaka, akitazama kiganja cha mama yake juu ya kibakuli. Dhapu alitaka kupiga kelele, alitaka kuipindua ile meza, alitaka pia kuweka kichwa chake kwenye magoti ya mwanamke yule na kulia kama mtoto mchanga. Hakufanya hata moja. Alikwenda mlangoni, akaufunga kwa ndani, akarudi na kiti, akakiweka upande wa pili wa Gattu, akaketi.

"Funguo za ukumbi huu ninazo mimi, mama," akasema. "Anza tena shingoni."

Gattu akakivuta kibakuli, akachovya brashi, akaanza upya kutoka kifuani, na safari hii alisema kwa sauti ya kusikiwa na watu wawili.